Video ya mtoto ipunguzwe uzito, si sura

Simu ya mzazi ikijaa, video ndizo huwa za kwanza kufutwa. Picha mia za kawaida hazifikii uzito wa video moja ndefu ya mahafali. Kwa hiyo mzazi wa Mbinga mjini anayehitaji nafasi huifuta ile ndefu, huku akijipa moyo kwamba nakala ipo kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Nakala ipo kweli, ila imeshapungua. WhatsApp huibana video kabla ya kuituma ili isafiri kirahisi. Kwenye kioo kidogo cha simu kasoro haionekani sana. Ikiwekwa kwenye televisheni, uso wa mtoto umefifia na kugawanyika viraka viraka. Uchungu wake hujulikana zaidi baada ya msiba, ndugu wanapotafuta sura ya bibi akicheka na wajukuu Liuli, wakakuta kilichobaki ni kivuli chake.

Ipo njia ya kupunguza uzito bila kufika huko, nayo haina malipo. Inataka mzazi afanye mambo kwa mpangilio, na kufuta kuwe jambo la mwisho.

Kwanza, uzito wenyewe unatoka wapi? Simu nyingi zikirekodi kwa ubora wa 1080p hutumia takriban megabiti 17 kwa sekunde, yaani karibu MB 128 kwa dakika. Mahafali ya dakika 20 yanafika GB 2.5. Simu iliyowekwa kwenye 4K inaweza kula mara mbili au tatu ya hapo. Simu inarekodi tukio likiendelea, kwa hiyo haina muda wa kupanga kila picha kwa uangalifu. Kompyuta inaweza kuipitia video hiyo taratibu baadaye, ikaondoa mengi ambayo jicho haliyatambui.

Wakazi wa Mbamba Bay wanaijua kazi hii kwa dagaa. Dagaa wakianikwa kwenye kichanja hupungua uzito kwa sababu maji yametoka, na bado ni dagaa. Lakini waliokauka hawarudi kuwa wabichi, na wakianikwa kupita kiasi huvunjika. Video nayo ni hivyo: ikishabanwa haifunguki tena kuwa kama mwanzo, na ikibanwa mara ya pili na ya tatu huharibika. Kwa hiyo ibanwe mara moja tu, kutoka kwenye faili halisi la simu iliyorekodi, kamwe si kutoka nakala iliyopita WhatsApp.

Programu inayofaa ni HandBrake. Ni programu huria, ya bure, haibandiki nembo yake juu ya picha, na inafanya kazi kwenye kompyuta za Windows, Mac na Linux. Ipakuliwe kwenye tovuti yake rasmi, handbrake.fr, kwa sababu programu za bure hughushiwa.

Asiye na kompyuta nyumbani anaweza kwenda steshenari anayoiamini. Abebe waya wa simu na flash yake, akae hapo kazi ikifanyika, na kabla ya kuondoka ahakikishe video imefutwa kwenye kompyuta ile pamoja na kwenye kapu la taka. Sura ya mtoto haipaswi kubaki kwenye mashine ya mtu mwingine.

Hatua ni chache. Video ihamishwe kwa waya kutoka kwenye simu. Ifunguliwe ndani ya HandBrake, kisha kwenye orodha ya «Preset» uchaguliwe mpango wa «Fast 1080p30». Baada ya hapo ufunguliwe ukurasa wa «Video», penye kitelezi cha ubora kilichoandikwa RF. Namba ndogo huleta picha nzuri na faili kubwa. Namba kubwa huleta faili dogo na picha hafifu. Watengenezaji wenyewe wanashauri 20 hadi 24 kwa video ya 1080p. Faili jipya lipewe jina tofauti na lile la zamani, kisha ibonyezwe «Start Encode». Kwenye kompyuta ya zamani kazi inaweza kuchukua muda mrefu kuliko video yenyewe, kwa hiyo subira inahitajika.

Namba ipi ichaguliwe? Hilo linategemea kilichorekodiwa. Programu hizi huhifadhi picha moja kamili, halafu kwa picha zinazofuata huandika zaidi kile kilichobadilika. Mtoto aliyesimama akighani shairi mbele ya ukuta habadiliki sana. RF 23 au 24 inamtosha, na faili linaweza kushuka hadi robo ya uzito wa mwanzo. Mawimbi ya Ziwa Nyasa hubadilika kila nukta ya sekunde. Vivyo hivyo mganda ukichezwa, watu wakienda kwa pamoja na vumbi likipanda. Hapo RF 20 au 21 ni salama zaidi, na mzazi akubali kwamba faili litabaki zito. Akilazimisha liwe dogo, maji yatageuka viraka na nyuso za wachezaji zitapotea.

Sauti isiguswe. Kwa kiwango cha kilobiti 160 kwa sekunde, sauti inachukua MB 1.2 tu kwa dakika. Anayeibana zaidi haokoi nafasi ya maana, na anaweza kuharibu maneno ya bibi anayesimulia kwa Kimatengo au Kinyasa, ambayo wajukuu waliokulia mjini watayahitaji siku moja.

Kuna pia uchaguzi kati ya H.264 na H.265. H.265 ya mwaka 2013 hubana zaidi, lakini simu na televisheni za zamani zinaweza kushindwa kuicheza. H.264 ya mwaka 2003 huchezwa karibu kila mahali. Kama video inakwenda kwa babu mwenye simu ya siku nyingi kule Lituhi, H.264 ndiyo salama.

Kazi ikiisha, bado si wakati wa kufuta. Nakala mpya itazamwe kwenye kioo kikubwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Uangaliwe uso wa mtu anapogeuka, sehemu zenye kivuli, na kama midomo inaenda sawa na sauti. Ikipita mtihani huo, ihifadhiwe sehemu mbili, kwa mfano flash moja nyumbani na nyingine kwa shangazi. Flash moja ikiharibika au ikipotea, kumbukumbu haiendi nayo. Baada ya hapo ndipo faili la simu lifutwe.

Ya kutuma kwa ndugu itengenezwe mara nyingine kutoka faili halisi kabla halijafutwa, kwa mpango wa «Fast 720p30». Itumwe WhatsApp kama dokumenti, siyo kama video ya kawaida. Hapo haibanwi tena, na kikomo ni GB 2. Mpokeaji aulizwe kwanza kama ana bando la kutosha.

Tovuti zinazojitangaza kubana video bure ziepukwe. Kuipandisha video nzima kunamaliza bando, na mzazi hajui sura ya mwanawe inabaki kwa nani.

Kwa video zijazo, mzazi afungue mpangilio wa kamera leo na kuitoa kwenye 4K hadi 1080p, picha 30 kwa sekunde. Mahafali yajayo yatakuwa mepesi kabla hata ya kufika kwenye kompyuta.