Zege Lililoungua Halifichwi kwa Lipu

Usiku wa tarehe 10 Julai, 2021, moto uliunguza Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam. Jengo hilo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975, halikuwa banda la kuuzia nyanya tu. Paa lake la miavuli ya zege lilibuniwa likinge mvua na kuiteremsha katika tangi chini ya ardhi. Serikali iliamua lisibomolewe bali likarabatiwe, na pembeni yake lijengwe jingine. Uamuzi huo ulistahili kuungwa mkono.

Hata hivyo, wapo wanaodhani kwamba jengo likibaki wima baada ya moto, kazi iliyobaki ni ya fundi lipu na mpaka rangi. Dhana hiyo ni ya hatari. Zege likipata joto la nyuzi zaidi ya 300 huanza kupoteza nguvu, na mara nyingi hugeuka rangi kuelekea waridi. Nondo zikifikia nyuzi 600 hivi hubakiwa na takriban nusu ya nguvu zake. Zikipoa hurudishiwa sehemu kubwa, lakini pengine zimekwisha kupinda au kuachana na zege. Ndiyo sababu mhandisi hupima nguzo kwa nyundo maalumu, hukata vipande vya zege vikapimwe maabara, na huchimbua zege bovu mpaka alifikie lililo zima, kabla ya kuongeza nondo na kumwaga jipya.

Kazi hiyo haipigwi picha siku ya uzinduzi. Kwa hiyo ndiyo iliyo rahisi kupunguzwa fedha zikipungua.

Tarehe 16 Novemba, 2024, katika Kariakoo hiyo hiyo, ghorofa la biashara liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Halikuwa soko, wala halikuungua. Lakini mama anayekwenda kununua kitenge hawezi kupima nguzo. Yeye humwamini aliyepima, kama yupo.

Hapana budi, basi, michoro ya asili ya soko, ile ya ukarabati na taarifa za vipimo viwekwe pamoja katika masijala ya soko, na mfanyabiashara anayelipa kodi ya kizimba aruhusiwe kuvisoma. Si siri ya dola. Matengenezo nayo yapewe kasma yake. Watumishi wanajua vema ni fungu lipi huhamishwa kwanza mwaka wa fedha unapobana.

Na lile paa lisisahauliwe. Mifereji yake ikiziba, maji hutuama juu ya miavuli, hupenya katika nyufa na kuzila nondo taratibu, bila moto wowote. Mtu wa kuizibua kabla ya masika aajiriwe, na jina lake liandikwe katika ikama.