Tusiogope Kuwaza Yasiyokuwapo

Neno "kubuni" lina bahati mbaya katika ofisi zetu. Likitajwa, mawazo ya wengi hukimbilia kwa mchoraji, mwimbaji au mtunzi wa ngonjera. Likimhusu mtumishi wa umma, mara nyingi huwa limo katika ripoti ya ukaguzi, kwamba fulani amebuni hati za malipo au safari ambayo haikuwapo. Kwa fikra hiyo mtumishi mwema ni yule asiyebuni lolote: afuataye jalada, atiaye sahihi, na arudiye nyumbani ifikapo saa tisa na nusu.

Sisi tunaona kwamba fikra hiyo ni kosa, tena kosa lenye gharama kubwa. Kubuni, kwa maana tunayoikusudia hapa, ni uwezo wa akili kuliona jambo ambalo bado halijakuwapo, na kuliona waziwazi kiasi cha kulitamani na kulifanyia kazi. Mtu hawezi kubadili maisha yake, wala jamii yake, kabla hajayaona kwanza maisha mengine akilini mwake.

Wenye umri mkubwa miongoni mwetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, vijijini na mijini, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakachukua majembe. Wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakachemsha maji. Kampeni hiyo husimuliwa kama ushindi wa redio, au wa elimu ya watu wazima, na yote mawili ni kweli. Lakini tulitazame jembe lenyewe. Mkulima aliyechimba choo kwa ajili ya kuzuia minyoo alikuwa akipigana na adui ambaye jicho lake halikupata kumwona hata siku moja. Ilimbidi kwanza amwone kwa akili: njia anayopita udongoni, mguu wa mtoto anaouingia, na kijiji kitakavyokuwa adui huyo akikosa mahali pa kukaa. Huko ndiko kubuni, na wala hakukuhitaji shahada.

Makarani nao wasijidharau. Marehemu Shaaban Robert alikuwa karani. Aliajiriwa na serikali ya kikoloni katika idara ya forodha mwaka 1926, akaendelea na utumishi kwa zaidi ya miaka 30. Alikuwa mtu wa jalada na wino kama walivyo wengi wa wasomaji wetu. Karani huyo alijenga nchi nzima inayoelea angani, yenye mfalme, mawaziri na baraza, akaiita Kusadikika. Kitabu kilitoka mwaka 1951, miaka 10 kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Humo wajumbe sita wanatumwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, ili walete maarifa ya kuiendeleza nchi yao. Kila mmoja anarudi na mapendekezo mema, na kila mmoja anatiwa gerezani. Karama, mshtakiwa, anajitetea barazani kwa kuwakumbusha watawala habari za wajumbe hao, mmoja baada ya mmoja, mpaka nchi inaona aibu.

Je, ni wajumbe wangapi tuliowafunga sisi? Kijana aliyeajiriwa juzi, akiuliza kwa nini fomu moja ijazwe mara tatu, huambiwa kwamba ndivyo tulivyoikuta. Hafungwi gerezani, lakini baada ya miezi sita naye atamjibu hivyo hivyo atakayemfuata.

Uwezo huu hufa mapema, nao hufia darasani. Mtoto huingia darasa la kwanza akiwa na maswali mia. Akimaliza la saba amejifunza kunakili ubaoni bila kukosea nukta. Hatuwalaumu walimu peke yao. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi, vitabu vichache na mtihani wa taifa mbele yake ana sababu ya kuogopa swali lisilo na jibu kitabuni. Hata hivyo ipo zana isiyohitaji fungu la bajeti, nayo ni kitendawili. Anayeshindwa kutegua hutoa mji, na mtegaji huupokea na kueleza alivyofika huko na aliyoyakuta. Mji huo haumo katika ramani yoyote. Watoto wameujenga kwa maneno matupu, wakaupa watu na chakula. Kwa bahati mbaya tumeugeuza mchezo huu kuwa orodha ya kukariri, ambamo nyumba isiyo na mlango ni yai na basi. Mwalimu awatake wanafunzi watunge vyao, vya mambo wanayoyaona leo. Mtoto akitega kwamba "namwanika juani mchana, usiku ananiangazia", na jibu likawa paneli ya umeme wa jua, amefanya kazi ya fasihi na ya sayansi kwa pumzi moja. Dakika kumi kwa siku zinatosha.

Kwa mtumishi wa ofisini tunapendekeza jambo jingine dogo. Siku moja kwa juma aketi nusu saa kwenye benchi la wananchi, nje ya mlango wake mwenyewe. Atamwona mzee mstaafu aliyetoka kijijini alfajiri kufuata sahihi moja, akaambiwa mwenye muhuri yuko semina. Ataona tangazo lililobandikwa juu mno, na fomu iliyoandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anajua kuijaza. Akirudi mezani ajiulize: kama ofisi hii ingefunguliwa leo kwa mara ya kwanza, ningeipanga hivi? Ayaandike majibu katika daftari lake, hata yale ya kuchekesha.

Watakuwapo watakaosema kwamba hizi ni ndoto za Alinacha. Lakini Alinacha alivunja vyombo vyake kwa sababu aliota utajiri bila kutazama mguu wake ulipo. Benchi na daftari humrudisha mtu kwenye mguu wake. Wengine watasema hawana nafasi. Mwalimu Nyerere alikuwa Rais wa nchi ilipotoka, mwaka 1963, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Kwa hiyo udhuru huo tunaupokea kwa mashaka.

Liko, mwisho, lile sanduku la maoni lililopigiliwa misumari karibu na mlango wa kila ofisi. Mengi yana kufuli iliyoota kutu, na ukiuliza ufunguo uko kwa nani, kila mmoja humtaja mwenzake. Tunawataka wakuu wa idara na wakuu wa shule walifungue kila Ijumaa, mbele ya watumishi wote, wasome kila karatasi kwa sauti, na kwa kila pendekezo linalokataliwa watoe sababu. "Ndivyo tulivyoikuta" isihesabiwe kuwa sababu.