Fungu la Kumi: Hesabu Isiyoachiwa Moyo

Kunuia kutoa ni jambo jepesi. Lililo zito ni kukaa kitako mwisho wa mwezi na kuhesabu. Leo tumeona ni vyema tuitazame hesabu hiyo kama ilivyo kwa Mayahudi, katika mapato yao ya kila siku.

Taurati iliwaamrisha kutoa fungu la kumi la mazao ya ardhi: kulikuwa na fungu la Walawi, na katika mwaka wa tatu, fungu la maskini, mgeni, yatima na mjane. Wanazuoni wao waliipeleka kanuni hiyo hadi kwenye fedha, kisha wakahitilafiana: wapo walioiona ni wajibu, na wapo, kama Rabi Joel Sirkis, walioiona ni desturi. Kitabu cha sheria cha Rabi Yosef Karo, Shulchan Aruch, kilichochapwa Venice mwaka 1565, kimeweka vipimo: kutoa moja ya tano ndiyo bora, moja ya kumi ni wastani, na chini ya hapo ni uchoyo.

Zaka tuijuayo sisi hutazama mali iliyofikia kiwango na kutimiza mwaka. Wao hutazama kile kinachoingia, ukiwa mshahara au faida. Gharama za kuendesha biashara huondolewa kwanza, lakini matumizi ya nyumbani hayaondolewi. Wengi huondoa pia kodi ya mapato, kwa hoja kwamba fedha hiyo haikuwa yao tangu awali. Naye asiye na cha kumtosha hakalifishwi.

Lililotugusa zaidi ni suala la wazazi. Asiye na uwezo mwingine anaruhusiwa kumtunza mzazi wake kwa fungu hilo. Ama mwenye uwezo, wanazuoni hao wametamka laana juu yake iwapo atamlisha baba yake kwa fedha za maskini. Kumtunza mzazi ni haki inayomlazimu, wala deni halilipwi kwa sadaka.

Sisi twaona hekima iko hapo. Hesabu iliyo wazi humkinga maskini na kigeugeu cha nyoyo zetu, na humkinga mzazi asiwekwe katika safu ya waombaji. Basi kabla hatujajisifu kwa tulichotoa, na tujiulize: je, tumetoa sadaka, au tumelipa deni tukaliita sadaka?