Hiyo Nyumba Umechora, Iko Wapi?

Nitasema hii hata kama kuna wasee wataninunia. Kutoka Karatina hadi Nanyuki, kila mtu aliye na laptop na AutoCAD sasa anachora nyumba za watu. Sawa, kazi ni kazi, na mimi niliyeacha chuo sina haki ya kuuliza mtu cheti. Michoro yenyewe ni safi: vyumba vitatu, jikoni kubwa, paa la kisasa. Lakini fungua faili, andika amri ya ID, bonyeza kona ya nyumba. Inakuambia kona iko 0,0. Sufuri, sufuri.

Hiyo nyumba haiko Nyeri, bana. Iko hewani.

Mahali halisi pana namba. Kwa mfumo wa UTM, dunia imekatwa vipande vya digrii 6, na sisi tuko kanda ya 37 kusini. Katikati ya Nyeri mjini, kodineti ni kama mita 271,600 upande wa mashariki na 9,953,500 upande wa kaskazini. Hizo milioni karibu kumi zisikutishe. Kusini mwa Ikweta huwa wanahesabu kutoka 10,000,000 kurudi chini, ndio mtu asifanye kazi na namba hasi.

Utaniuliza, mteja anataka nyumba, namba za nini? Za kujua itakaa wapi. Ploti ya 50 kwa 100 ni mita 15.24 kwa 30.48. Ndani yake unataka nyumba, shimo la maji taka, tangi, na mahali pa kupitisha gari. Sorveya alileta mchoro wake ukiwa na kodineti. Wewe ukaubeba, ukauzungusha ukae vizuri kwa karatasi, ukausogeza sufuri kwa sababu namba ndefu zinakuudhi. Hapo umeua kazi aliyolipwa mtu mwingine. Sasa fundi anakuja na futi yake, anapima kutoka kwa ua kwa macho, na ua wenyewe ulihama kidogo kidogo tangu babu. Mita mbili zikipotea hapo, ukuta wa mteja wako uko kwa jirani, na jirani wa huku kwetu hasahau.

Kama namba ndefu zinakusumbua, usihamishe mchoro. Zungusha UCS yako, chora ukiwa umenyooka, na uache dunia ya sorveya ilivyo.

Na ukiamua kurudisha nyumba mahali pake, kazi si ya kusukuma na kipanya mpaka ikae. Chukua alama mbili unazozijua, bikoni mbili za ploti, utumie ALIGN. Programu itakuuliza kama ibadilishe ukubwa. Kataa. Halafu pima umbali kati ya zile bikoni kwa mchoro wako na kwa wa sorveya. Zikikosana, kuna kitu kimeharibika na unataka kukijua, hutaki kukificha. Mara nyingi ni vipimo: wachora nyumba hutumia milimita, sorveya hutumia mita, na ramani zingine za zamani ziko kwa futi. Nyumba ya mita 12 ukiileta ikiwa milimita bila kugawa kwa 1,000, umejenga ukuta wa kilomita 12. Angalau hilo kosa linaonekana.

Lisiloonekana ndilo baya. Ramani za Survey of Kenya za 1:50,000 zimesimama kwa msingi unaoitwa Arc 1960. Simu yako na Google Earth ziko kwa WGS 84. Namba zinafanana kabisa, tarakimu sita na saba, zote UTM, zote kanda ya 37. Lakini ukichukua namba za Arc 1960 ukazimwaga Google Earth kama ni WGS 84, kila kitu kinaruka karibu mita 300 kaskazini na karibu 90 magharibi. Mita 300 ni ploti kumi zikifuatana kwa urefu! Unaweza kumwonyesha mtu shamba la kununua kwa simu, mkaenda mkasimama hapo, mkapiga picha, na si lenyewe. Huyo ametoa akiba ya mama yake.

Nanyuki nayo ina yake. Watalii husimama pale kwa bango la Ikweta kuonyeshwa maji yakizunguka kwa beseni, mchezo ambao ni uongo mtupu. Kitu cha kweli kinachobadilika pale ni namba: ukitumia kanda ya kaskazini, unaanza tena na sufuri. Mradi wa bomba ukivuka hapo na watu wawili wametumia kanda mbili, nusu ya bomba iko kilomita 10,000 kutoka kwa nyingine. Chagueni moja. Ukibaki kusini, Nanyuki mjini inasoma 10,001,000 na kitu, na hesabu haivunjiki.

Ila msinielewe vibaya. Mashamba mengi ya Nyeri yaliandikishwa baada ya ile kukusanya vipande ya miaka ya 1950, kwa mipaka ya jumla: ua, njia, matoka yaliyopandwa. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 yenyewe inasema ramani ya aina hiyo huonyesha mpaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale mpaka umewekwa rasmi. Kwa hivyo ukiskani ile karatasi ya ardhi ukailaza juu ya picha ya setilaiti, usitoke hapo ukimwambia mzee kwamba kompyuta imesema ua wake uko mahali si pake. Karatasi haikuwa na huo uwezo kabla uiskani. Mpaka ni kazi ya sorveya mwenye leseni.

Yako ni ndogo na haina gharama. Kwa kona ya kila mchoro, chini ya jina lako, andika mstari mmoja: msingi gani, kanda gani, vipimo gani, bikoni zipi mbili ulitumia. "Arc 1960, UTM 37 kusini, mita." Fundi anaweza asiusome. Lakini mteja akiuza, au akiongeza ghorofa miaka kumi ijayo, kijana mwingine atafungua hilo faili, na hatalazimika kukupigia.