Setilaiti Haioni Daraja Lililovunjika

Siku hizi ni nadra kuona gari la jeshi au la polisi likitoka langoni bila kifaa kidogo kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele, au simu iliyosimamishwa mbele ya usukani, ikimwelekeza dereva kwa sauti isiyochoka: pinda kushoto, endelea mbele, umefika. Kifaa hicho, ambacho madereva wetu hukiita GPS, kimeingia kazini mwetu bila kubisha hodi. Hatuna ugomvi nacho. Lakini amezuka dereva ambaye, akiulizwa na mkubwa wake atapita wapi kwenda Moroto, hujibu kwamba kifaa kitamwambia akiwa njiani. Jibu hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Yafaa kwanza tuelewe kifaa hiki kinajua nini na hakijui nini, maana askari wengi huamini kwamba liko jicho angani linaloyatazama magari yao. Hakuna jicho. Setilaiti za mfumo huo, ambao ni mali ya Marekani, hazipungui 24, nazo huizunguka dunia kwa kimo cha kilometa 20,200 hivi. Kazi yake ni kutangaza saa na mahali zilipo. Kifaa kilichomo garini husikiliza matangazo hayo, hupima muda yaliotumia kufika, na kikizipata setilaiti nne au zaidi hukokotoa mahali kilipo. Basi. Setilaiti haikuoni wala haikujui, na haina habari kama mbele yako pana barabara au pana ziwa. Barabara imo katika ramani iliyotiwa ndani ya kifaa, na ramani hiyo ilichorwa na binadamu, katika mwaka fulani, pengine na mtu ambaye hajapata kukanyaga Karamoja maishani mwake.

Kwa hiyo kifaa hutuambia mambo mawili yenye uzito tofauti. La kwanza ni mahali tulipo, na hilo mahali pa wazi hukosea kwa mita chache tu. La pili ni njia ya kupita. Askari polisi, waliozoea mambo ya mahakama, watatuelewa upesi: jambo la kwanza ni ushahidi wa aliyeshuhudia, la pili ni ushahidi wa kuambiwa. Dereva anayeyapokea yote mawili kwa imani moja ni sawa na hakimu asiyeuliza shahidi alikuwa wapi siku ile.

Mfano hauko mbali. Mwezi Mei 2023 mto Katonga ulifurika na kuikata barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka. Barabara hiyo ni mshipa wa damu wa magharibi yote ya nchi, hata wa jirani zetu wa Rwanda. Magari yaliamriwa kuzunguka kwa njia ya Mpigi, Kanoni na Sembabule, mwendo mrefu na wa kuchosha. Kifaa chenye ramani ya miaka iliyopita kingeweza, siku ile ile, kumhimiza dereva aendelee mbele kwa sauti ile ile ya upole. Nani alijua ukweli? Alijua askari wa usalama barabarani aliyesimama mvuani, na mwenye duka wa kando ya barabara, na kijana wa bodaboda. Mvua ya usiku mmoja huibadilisha nchi yetu kuliko mchora ramani anavyoweza kuifuata, na barabara zetu nyingi za changarawe hupitika Januari na hazipitiki Aprili.

Isidhaniwe kwamba madhara haya ni ya nchi zenye barabara mbovu tu. Jeshi la Marekani ndilo lililobuni mfumo huu. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991 vikosi vyake vilivuka jangwa lisilo na njia wala alama kwa msaada wa vifaa hivyo. Mahitaji yalikuwa makubwa hata jeshi likanunua vifaa vya kiraia kwa maelfu. Kama kuna jeshi lililopaswa kukijua kifaa hiki ndani na nje, ni hilo. Basi tutazame lililolipata miaka 12 baadaye.

Tarehe 23 Machi 2003, siku chache baada ya vita vya Iraki kuanza, msafara wa kombania ya 507 ya matengenezo ya magari ulikuwa ukielekea kaskazini. Magari yalikuwa 18 na askari 33. Hawakuwa askari wa mstari wa mbele. Walikuwa mafundi, wapishi, makarani wa ghala, watu wa aina ile ile ambao kila jeshi huwasahau linapogawa nafasi za mafunzo. Walikuwa safarini kwa zaidi ya siku mbili kwa usingizi wa kuokoteza. Magari mazito yalikwama mchangani, mengine yakaharibika, wakaachwa nyuma na msafara mkubwa. Njia iliyokusudiwa ilikuwa kuuzunguka mji wa Nasiriyah. Uchunguzi wa jeshi lenyewe ulieleza baadaye kwamba kamanda wao alitegemea zaidi kifaa chake cha setilaiti na ramani aliyoitia alama, na alama hizo zilifuata njia moja tu, iliyokatiza katikati ya mji. Yeye aliamini kwa dhati kwamba ndiyo aliyoamriwa.

Wakaingia mjini. Wakaupita wote bila kupigwa risasi, na hilo ni jambo la kutafakari, kwa sababu hatari haikujitokeza pale walipopotea. Ilijitokeza walipong'amua kwamba wamepotea. Wakayageuza malori yao makubwa, wakaanza kurudi kwa njia ile ile waliyojia, na adui aliyekwisha waona mara moja sasa alikuwa amejiandaa. Waliuawa 11. Wengine 6 walitekwa. Waliosalia, 16, walifaulu kuwafikia wenzao.

Kifaa kilikuwa na kosa gani? Hakuna. Kilifanya kazi yake kwa uaminifu mpaka dakika ya mwisho, kikionyesha sawasawa mahali walipo kwenye njia ambayo hawakupaswa kuwapo. Hili ndilo tunalotaka kila dereva alishike. Kifaa hakiwezi kusahihisha amri iliyoeleweka vibaya, wala hakimwamshi mtu aliyelemewa na usingizi ili ajiulize mbona nyumba zinaongezeka badala ya kupungua. Hakuna hata mmoja kati ya wale 33 aliyehitaji setilaiti kuona kwamba anaingia mjini. Lakini mtu anayeongozwa huacha kutazama. Ndivyo binadamu alivyo, awe na elimu au asiwe nayo.

Wala somo hilo halikumalizika Iraki. Tarehe 29 Februari 2016 askari wawili wa Israeli, wakifuata maelekezo ya programu ya njia katika simu, walijikuta na gari lao ndani ya kambi ya wakimbizi ya Qalandia. Gari lilichomwa moto, kikosi kikatumwa kuwaokoa, mapigano yakazuka, na Mpalestina mmoja akapoteza maisha. Njia moja iliyokosewa ikamgharimu uhai mtu ambaye hakuwamo hata garini.

Wako maafisa, hasa wa rika lililofunzwa kwa dira na ramani ya karatasi, ambao wangependa vifaa hivi vipigwe marufuku mara moja. Hatukubaliani nao. Gari la wagonjwa linaloitwa usiku kwenye kijiji kigeni, doria iliyokuta bomu la kutegwa na inayotaka kutaja mahali hasa kwa makao makuu, polisi anayefuatilia wezi wa ng'ombe katika mbuga isiyo na kibao hata kimoja: hao wote kifaa huwafaa sana, na kuwanyima ni ukaidi tu. Tena karatasi nayo ina uongo wake. Ramani zetu za zamani za kipimo cha 1 kwa 50,000, zilizoachwa na Waingereza, zilipimwa kwa msingi tofauti na ule wa setilaiti. Askari anayechukua namba za kifaa na kuziweka juu ya ramani hiyo bila kukirekebisha kifaa kwanza hukosea kwa takriban mita 300. Mita 300 ni umbali wa kutosha kumweka mtu ng'ambo ya mto Semliki, ambao sehemu ya mpaka wetu na Kongo huufuata, na ambao wenyewe hauna tabia ya kutulia mahali pake. Jambo hili hufundishwa kwa maafisa. Dereva, ambaye ndiye mwenye kifaa mkononi, halisikii kamwe. Sisi twaona hapo ndipo penye upungufu mkubwa kuliko wote.

Iko hatari nyingine isiyotajwa sana. Kifaa hupenda njia fupi, na kila siku njia fupi ni ile ile. Mfanyabiashara wa maziwa hunufaika na tabia hiyo. Askari huuawa nayo. Wenzetu waliotumikia Mogadishu tangu Machi 2007 hawahitaji kuelezwa maana ya kupita barabara moja saa ile ile, katika mji ambao barabara iliyokuwa salama jana yaweza kuwa imetegwa leo. Kamanda mwenye akili hubadili njia kwa makusudi, hata kama kifaa kitamlalamikia mpaka afike.

Tunapendekeza basi utaratibu usiogharimu hata shilingi moja. Kabla dereva hajakabidhiwa ufunguo, aitaje njia yake kwa mdomo mbele ya mkubwa wa zamu: vituo vitatu au vinne vikubwa, mito atakayovuka, mahali pa kujaza mafuta, na njia ya pili iwapo ya kwanza imefungwa. Asiyeweza kuitaja asitoke. Mwenye kutazama kifaa asiwe dereva, awe aliyeketi kando yake, na ramani ya karatasi iwe mapajani mwa huyo huyo. Kila wafikapo kituo walichokitaja, wapige ripoti. Na panapotokea shaka gari lisimame mahali pa usalama, raia aulizwe kwa adabu. Tunalisisitiza neno adabu, maana wapo askari wanaoona haya kumwuliza njia mzee mwenye jembe begani, kana kwamba sare humfanya mtu azaliwe akiijua nchi nzima. Mzee huyo aweza kujua daraja lilianguka lini na nani alipita jana usiku. Raia aliyesalimiwa vizuri husema hata ambalo hakuulizwa.

Wakufunzi wa vyuo vya udereva, vya jeshi na vya polisi, wanaweza kulifanya hili kuwa mtihani. Mwanafunzi apewe safari ya kilometa 100 na kifaa, na katikati ya safari kifaa kichukuliwe. Anayejua alipo aendelee. Asiyejua arudi darasani, hata kama anaendesha vizuri kuliko wenzake.

Limebaki la siri. Mwezi Januari 2018 dunia ilishangaa ilipogundulika kwamba ramani iliyotangazwa na kampuni ya Strava, ya watu wanaopima mbio na mazoezi yao kwa vifaa vya setilaiti, ilionyesha vijia vya ndani ya kambi za kijeshi katika nchi za vita. Askari walikuwa wakikimbia asubuhi kwa ajili ya afya zao, na saa za mikononi zikaandika kila kona ya uzio. Kifaa cha garini nacho huweka kumbukumbu: ulikotoka, ulikosimama, ulikolala. Anayekiiba hapati bei ya kifaa tu, hupata na mizunguko ya kikosi kizima. Kumbukumbu hizo zifutwe kila safari inapokwisha, na karani wa magari aandike kwamba zimefutwa. Gari linapopelekwa gereji ya kiraia, kifaa kibaki ghalani. Na pale kinapomtaka dereva akionyeshe nyumbani ni wapi, asikipe lango la kambi. Akipe kituo cha mafuta cha mjini, na kutoka hapo aifuate njia anayoijua mwenyewe.