Mageuzi ya polisi: Sauti ya konstebo wa Eldoret itasikika lini?

KILA serikali inapotangaza mageuzi katika idara ya polisi, hotuba husomwa Nairobi huku mzigo wa utekelezaji ukiangukia mabega ya konstebo aliye zamu Langas au Kapsoya, jijini Eldoret. Kati ya anayesoma hotuba na anayebeba mzigo hakuna chombo cha kisheria ambamo wawili hao wanaweza kuketi na kuzungumza. Pengo hilo ndilo limefanya mageuzi mengi yapokelewe kwa saluti mchana na kwa manung'uniko usiku.

Eldoret, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 15, 2024, inadhihirisha hali hiyo waziwazi. Madaktari wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi wana chama chao, KMPDU. Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Moi wana UASU, na walipogoma kwa zaidi ya miezi miwili mwaka wa 2024, mgogoro ulimalizwa kwa mkataba wa kurejea kazini. Lakini polisi anayetumwa kudumisha amani watumishi hao wanapoandamana hana chama, na kwa mujibu wa sheria hawezi kukianzisha.

Marufuku hiyo haikutokana na Katiba moja kwa moja. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Kifungu cha 24(5) ndicho kinachoruhusu Bunge kutunga sheria ya kupunguza haki hiyo kwa wanajeshi na polisi. Kabla ya hapo, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 ilikuwa tayari imewaondoa polisi, askari jela na maafisa wa Huduma ya Vijana kwa Taifa katika orodha ya wanaolindwa nayo. Ikumbukwe kwamba Katiba inaruhusu haki hiyo ipunguzwe, haiamuru ifutwe. Kwa hivyo, Bunge likitaka kulegeza kamba, halihitaji kura ya maamuzi.

Athari za kukosa jukwaa hilo zilionekana wazi mwaka wa 2018. Septemba 13 mwaka huo, aliyekuwa Rais Uhuru Kenyatta alizindua mpango uliounganisha maelfu ya polisi wa utawala na polisi wa kawaida chini ya amri moja. Vyeo vya makamanda vilipangwa upya, sare mpya ya samawati ikazinduliwa, na maafisa wakaambiwa wangepewa marupurupu ya nyumba ili wahame kambini na kuishi miongoni mwa raia.

Nia ya mpango huo ilikuwa na mantiki. Muundo wa zamani, ambapo makamanda wawili wa vikosi tofauti walihudumu katika eneo moja, ulizua mikinzano isiyoisha. Nazo nyumba za polisi zilikuwa aibu ya taifa, familia mbili zikitenganishwa na pazia katika chumba kimoja.

Hata hivyo, kuna maswali ambayo konstebo yeyote angeyauliza siku ya kwanza. Je, afisa anayepanga chumba Langas, Huruma au Munyaka ataishi vipi mlango mmoja na ndugu wa mshukiwa aliyemtia pingu jana? Akiitwa usiku wa manane kwa dharura, atafikaje kituoni? Bunduki yake itahifadhiwa wapi? Naye aliyetoka polisi wa utawala, atapandishwa cheo kwa kuzingatia miaka yake ya awali au ataanza upya? Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wanaojua majibu ya maswali hayo ni walio vituoni, lakini hawakuwa na mwakilishi hata mmoja waliyemchagua wenyewe wa kuyafikisha mezani.

Matokeo yake ni kwamba malalamiko hayakutoweka. Yalitafuta njia nyingine. Makonstebo wenye shahada waliokuwa wakilipwa kiwango cha inspekta walipopunguziwa mishahara, walikimbilia mahakamani. Wengine huandika mitandaoni kwa majina bandia, au huwatuma wake zao na maafisa wastaafu wawasemee. Wakubwa nao hulazimika kusoma magazetini mambo ambayo wangepaswa kuyasikia katika vikao vyao.

Wanaoamini kwamba kupiga marufuku chama ni kuzuia mgomo wanafaa kukumbuka yaliyotokea Aprili 2008. Askari jela, ambao wamefungwa na sheria iyo hiyo, waligoma wakilalamikia makazi duni na marupurupu. Ndipo serikali ilipounda kamati chini ya Marsden Madoka kuchunguza hali ya magereza. Kamati hiyo ilisikiliza kilio ambacho chombo cha kudumu kingekisikia mapema zaidi, tena bila malango ya magereza kufungwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Watetezi wa hali ilivyo watauliza: je, hakuna Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi (NPSC)? Ipo, na Kifungu cha 246 kimeipa mamlaka juu ya ajira, vyeo, uhamisho na nidhamu. Lakini mtu akitazama uanachama wake atamkuta Inspekta Jenerali na manaibu wake wawili, maafisa wawili wakuu waliostaafu, mwanasheria aliyehitimu kuwa jaji, na raia watatu waadilifu. Wakubwa wa sasa na wa zamani wana viti. Konstebo, koplo na sajenti hawana. Chombo kinachoamua hatima ya maafisa zaidi ya 100,000 hakina nafasi hata moja kwa walio wengi.

Mabaraza ya muda nayo yamefanya kazi ya kusikiliza, kisha yakavunjwa. Jopo la Jaji Philip Ransley lilifanya hivyo mwaka wa 2009. Jopokazi la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lililoundwa Desemba 2022 liliwasikiliza maafisa, likawasilisha ripoti Novemba 2023, na nyongeza ya mishahara ya awamu tatu ikaanza Julai 2024. Hayo ni mafanikio. Lakini jopokazi likishamaliza muda wake, sikio nalo huondoka, na afisa hubaki akisubiri jopokazi jingine baada ya muongo mmoja.

Kuna hoja nzito ya upande wa pili, na Eldoret inaifahamu kuliko miji mingi. Wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kanisa la Kiambaa lililo karibu na mji huu liliteketezwa Januari 1, 2008, wanawake na watoto wakiwa ndani. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ililaumu polisi kwa kutojiandaa, kwa ubaguzi wa baadhi ya maafisa na kwa kutumia nguvu kupita kiasi. Mkazi aliyepoteza jamaa ana haki ya kuhofia kwamba chama cha polisi kinaweza kutekwa na wanasiasa au kugawanyika kikabila. Isitoshe, nchini Marekani vyama vya polisi vimeshutumiwa mara nyingi kwa kuwakinga maafisa waliowaua raia.

Hofu hiyo haifai kupuuzwa, lakini dawa yake ipo. Uingereza, ambako Kenya ilirithi mengi ya sheria zake, ilikumbwa na migomo ya polisi mwaka wa 1918 na 1919. Sheria ya 1919 ilipiga marufuku chama na migomo, lakini papo hapo ikaunda shirikisho la polisi la kuwasilisha masuala ya maslahi yao kwa wakubwa. Nchini Afrika Kusini, Popcru ilianzishwa mwaka wa 1989 kwa kukaidi utawala wa ubaguzi wa rangi, na baada ya 1994 vyama vya polisi vikapewa nafasi katika baraza la majadiliano na mwajiri. Sheria ya polisi ya 1995 iliwakataza kugoma. Nchi zote mbili zilitenganisha haki ya kusema na haki ya kugoma. Kenya imezifuta zote mbili kwa pamoja.

Njia ya Kenya yaweza kuwa sawa na hiyo: chama kisicho na haki ya kugoma, kisichofungamana na siasa, kinachozungumzia mishahara, makazi, uhamisho, bima na afya ya akili pekee. Malalamiko ya raia dhidi ya afisa yabaki mikononi mwa mamlaka ya IPOA, bila chama kuwa na kauli yoyote. Wawakilishi wachaguliwe kutoka kila kaunti na kila cheo, ili kabila moja au kikosi kimoja kisikiteke. Wala si kweli kwamba polisi hawawezi kuchagua viongozi bila kuvuruga nidhamu, kwani wamekuwa wakifanya hivyo katika chama chao cha akiba na mikopo, Kenya Police Sacco, kilichoanzishwa mwaka wa 1972.

Atakayefaidi zaidi huenda akawa Inspekta Jenerali mwenyewe. Amri iliyojadiliwa na wanaoitekeleza hupata watetezi ndani ya kikosi. Ile inayoshuka ghafla kutoka makao makuu hutekelezwa mchana kamanda akiwepo, kisha hupuuzwa akipanda gari lake.

Wakazi wa Eldoret nao wana sababu ya kufuatilia suala hili. Waliona mwaka wa 2008 gharama ya kikosi kilichogawanyika, na Juni 2024 waliona tena barabara za mji wao zikijaa waandamanaji, moshi na polisi. Uchaguzi mkuu wa 2027 unahitaji maafisa wanaoamini kwamba idara wanayoitumikia inawasikia. Afisa asiyeweza kudai haki yake kwa njia halali hawezi kutarajiwa kuwa mwepesi wa kuheshimu haki ya mwingine. Bunge lina uwezo wa kurekebisha hilo kwa sheria ya kawaida, na halina sababu ya kungoja mgomo mwingine ndipo lifungue mlango.