Maji Yaliyopauka Si Lazima Yawe Safi



Wako watu hapa Timboroa wasemao kwamba mambo ya viwanda vya nguo ni ya watu wa mjini. Sisi tuko juu, Eldoret iko chini, na maji ya rangi hayapandi mlima. Maneno hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Mto Sosiani ukitoka Eldoret huingia Kipkaren, kisha Nzoia, mpaka Ziwa Victoria. Kote huko wako wakulima kama sisi, wenye ng'ombe wa kunyweshwa na mboga za kumwagiliwa.

Kiwanda cha Rivatex kilianzishwa Eldoret mwaka 1976. Baadaye kazi ilisimama, Chuo Kikuu cha Moi kikakinunua mwaka 2007, na mwaka 2019 kikafunguliwa upya kwa mitambo mipya. Hilo ni jambo jema, maana mkulima wa pamba anataka soko na vijana wanataka kazi. Simshitaki mtu. Nasema juu ya kazi ya kutia nguo rangi, popote ifanywapo.

Rangi za zamani zilitoka katika mizizi na majani. Mwaka 1856 Mwingereza William Henry Perkin aligundua rangi ya kutengenezwa, na tangu hapo zimetengenezwa maelfu. Nyingi ni za jamii iitwayo azo. Zimeundwa zisipauke kwa jua wala kwa sabuni; kwa sababu hiyo haziozi upesi. Tena pamba hainywi rangi yote. Kwa rangi nyingine, hata theluthi moja huweza kubaki majini. Ikifika mtoni huzuia mwanga wa jua, mimea ya majini hudhoofika, na samaki hukosa hewa.

Basi nani atakayeiondoa? Ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, jamaa za wale wanaoozesha mbolea katika mashimo yetu. Hata kuvu nyeupe inayolainisha magogo msituni imejaribiwa na wataalamu, ikaonekana inaweza kuvunja rangi nyingi. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Kijidudu cha aina moja huanza kazi, cha aina ya pili hula mabaki ya mwenzake, na cha tatu humaliza. Wanaofaa ni jamii nzima inayofanya kazi kwa zamu.

Zamu hizo ni mbili. Ya kwanza hufanyika mahali pasipo hewa, katika bwawa la kina au tangi lililofungwa. Huko vijidudu hukata kifungo cha rangi ya azo, na maji hupauka. Hapa ndipo mtu hudanganywa na macho yake. Rangi imekwisha, lakini vipande vyake vimebaki, na baadhi ya vipande hivyo ni sumu kuliko rangi yenyewe. Zamu ya pili hutaka hewa nyingi, maji yakikorogwa au kupulizwa, ili vijidudu wengine wale vipande hivyo. Atakayeacha zamu ya pili ameficha uchafu, hakuuondoa.

Yako mambo mawili zaidi ambayo mkulima wa huku anayafahamu kuliko mtu wa pwani. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, na kila mmoja wetu ajua jinsi mbolea ya boma inavyochelewa kuoza kwa baridi. Eldoret nako si kwa joto. Vijidudu wa bwawani nao huchelewa vivyo hivyo, basi bwawa la nyanda za juu halifai kupimwa kwa kipimo cha Mombasa. La pili ni chumvi. Kutia pamba rangi hutumia chumvi nyingi, na vijidudu hawaiondoi. Maji yenye chumvi yakimwagiliwa shambani mwaka hata mwaka huharibu udongo.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yataka kazi kubwa kama kiwanda ichunguzwe kabla ya kujengwa, na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni. Baraza la namna hiyo likiitishwa, tusiende kuuliza habari za ajira peke yake. Tuulize: Bwawa lisilo na hewa liko wapi, na lenye hewa liko wapi? Maji yatakaa humo siku ngapi wakati wa baridi? Chumvi itakwenda wapi? Nani atapima maji yatokayo, na majibu yatabandikwa wapi tuyasome?

Wala mtu asiridhike akionyeshwa gilasi ya maji meupe. Mkulima hanunui ng'ombe kwa kutazama ngozi tu. Huuliza maziwa, huuliza ugonjwa, ndipo atoe fedha. Maji nayo tuyaulize hivyo hivyo.